Mzee wa kanisa anataka hela ya jengo iwekwe kwenye Bitcoin, mhazini aseme nini?

Swali nililoletewa, nimelifupisha kidogo:

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni mhazini wa kanisa letu la Waswahili hapa Texas, wengi wetu ni Wakenya, Wakongo na Watanzania. Tuna mfuko wa jengo, dola 48,000, tumechanga miaka sita. Mzee mmoja wa kanisa anasema dola ni hela ya dhuluma, serikali inachapisha tu inavyotaka, Bitcoin ndo hela ya haki kibiblia, tuhamishie zote huko. Mama mmoja akasimama akasema hiyo ni chapa ya mnyama. Mchungaji kaniambia nilete maoni yangu kwenye kikao kijacho. Mimi mwenyewe ninayo kidogo kwenye simu, sijamwambia mtu. Wakristo wa huku Magharibi wamekuwa wakisemaje kuhusu mali, kutoa, na hizi hela za kidijitali?"

Marahaba mdogo wangu. Nimelisoma swali lako mara tatu, na kilichonigusa zaidi ni hicho cha mwisho, kwamba unayo kidogo kwenye simu na hujamwambia mtu, tutafika hapo. Kwanza nikupe msimamo wangu mapema usije ukasoma huku unasubiri: hela ya jengo isiingie huko, hata dola moja. Ya kwako binafsi ni habari nyingine. Na mzee wako usimdharau, ana hoja ya kweli kabisa ambayo Wakristo wa Ulaya wamekuwa nayo kwa zaidi ya miaka 600, ila amesoma nusu ya somo akafunga kitabu.

Tuanze na hiyo nusu yake maana anastahili kusikilizwa. Kumbukumbu la Torati 25 inakataza mtu kutembea na mawe mawili ya kupimia mfukoni, kubwa na dogo, la kununulia na la kuuzia, na Mithali 11 inasema mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana. Sasa chukua hilo neno ulipeleke Ufaransa miaka ya 1350, mfalme Jean wa Pili yuko vitani na Waingereza, hazina imekauka, anachofanya ni kuziita sarafu zirudi, zinayeyushwa, zinatoka tena na fedha kidogo ndani yake lakini thamani inayotangazwa ni ileile, na hakufanya mara moja wala mbili, alifanya mara nyingi mpaka mwenye duka hajui leo anapokea nini. Padri mmoja msomi, Nicole Oresme, ambaye baadaye akawa askofu wa Lisieux, akaandika kitabu kidogo juu ya sarafu, na humo akasema jambo zito: sura ya mfalme ipo kwenye sarafu lakini sarafu si mali ya mfalme, ni mali ya watu wanaoitumia. Akaenda mbali zaidi akasema mfalme anayepata faida kwa kuichakachua sarafu ni mbaya kuliko mla riba, kwa sababu mla riba angalau anamkopesha mtu aliyekuja mwenyewe kwa miguu yake, ila mfalme anachukua bila hata kumuuliza mwenye mali. Ukitaka mwingine yupo Juan de Mariana, Mjesuiti wa Hispania, mwaka 1609 akachapisha kitabu akimlaumu mfalme Felipe wa Tatu kwa kujaza nchi sarafu za shaba, mzee wa zaidi ya miaka 70 akakamatwa akafungiwa kwenye nyumba ya watawa Wafransisko huko Madrid. Watu wameteswa kwa hoja hii, siyo stori za vijana wa mtandaoni.

Kwa hiyo mzee wako akikwambia kuchapisha hela ovyo ni kumwibia maskini, yuko sawa, na yuko na watu wazito nyuma yake. Anayeumia wa kwanza bei zikipanda ni yule anayeweka akiba yake kwenye kopo au kwenye akaunti isiyo na faida, tajiri ana nyumba na hisa, zinapanda naye. Na Bitcoin, hela ya kidijitali isiyotolewa na serikali wala benki, kweli ilizaliwa na hasira hiyo. Bloku, yaani ukurasa wa daftari lake la kwenye kompyuta, ile ya kwanza kabisa ya tarehe 3 Januari 2009 imeandikwa ndani yake kichwa cha habari cha gazeti la The Times la London cha siku hiyohiyo, kinachosema waziri wa fedha wa Uingereza yuko mbioni kuyaokoa mabenki kwa mara ya pili. Aliyeitengeneza akaiwekea ukomo wa sarafu milioni 21, hazitazidi hapo, na kila baada ya bloku 210,000, kama miaka minne hivi, zawadi wanayopata wanaochimba, yaani wenye kompyuta zinazoandika hizo bloku, inakatwa nusu, ilianza sarafu 50 na tangu Aprili 2024 ni 3.125. Hakuna mfalme wa kuyeyusha kitu hapo. Oresme angeona hilo nadhani angefurahi.

Hapo ndo mzee wako anapofunga kitabu.

Kwa sababu dhambi ya kuchakachua sarafu ni dhambi ya mfalme, na ni rahisi sana kuhubiri dhambi ya mfalme. Kanisa hilohilo lina somo la pili ambalo ni refu kuliko hilo la kwanza, na hilo linamhusu mwenye hela mwenyewe, yaani wewe, mimi na mzee. Somo hilo linaitwa ghala.

Unakumbuka ule mfano wa Luka 12, tajiri shamba lake limezaa sana, anasema nitabomoa ghala zangu nijenge kubwa zaidi, na usiku uleule anaitwa. Mwaka 368 hivi kulikuwa na njaa kali Kapadokia, sehemu ambayo leo ni Uturuki, wenye nafaka wakawa wamezifungia wanasubiri bei ipande. Kasisi Basili wa Kaisaria alihubiri juu ya mfano huo akawaambia matajiri usoni: mkate unaoushikilia ni wa mwenye njaa, nguo uliyoifungia kabatini ni ya aliye uchi, viatu vinavyooza kwako ni vya asiye na viatu. Sikiliza vizuri hapo, hakusema "ungefanya vyema ukiwapa", alisema ni vyao. Baadaye nje ya mji akajenga sehemu kubwa ya kulea maskini na wagonjwa. Yohana Krisostomu kule Antiokia akihubiri habari za Lazaro na tajiri akasema kutomgawia maskini sehemu ya mali yako ni kumwibia. Unaweza kusema hao ni wa Mashariki, sawa, ila askofu Ambrosi wa Milano aliyabeba mawazo ya Basili akayapeleka kwa Kilatini na Magharibi yote ikayasoma, na mwanateolojia Thomas wa Akwino karne ya 13 akafika hatua ya kusema mtu aliye katika hatari ya kufa njaa akichukua chakula cha mwingine hajaiba.

Sasa jiulize, Bitcoin inafundishwaje kwenye hayo makundi ambayo mzee wako yupo? Neno lao kubwa ni moja, usiuze. Nunua, shikilia, usiuze hata ikishuka, usiuze hata ikipanda, wape wajukuu. Na mantiki yake iko wazi, kitu kikiwa na ukomo na wewe ukakaa nacho, faida yako inatoka kwa atakayekuja nyuma yako kulipa zaidi ya ulicholipa wewe, haina kodi ya nyumba inayoingia, haina mavuno, hakuna mtu aliyelipwa mshahara kwa kuwa wewe umeishika. Sisemi ni wizi. Nasema ukiiweka mbele ya hubiri la Basili inafanana sana na nafaka iliyofungiwa, na mtu anayeniambia hii ndo hela ya kibiblia nataka anionyeshe mlango wa ghala unafunguliwa lini. Ukimuuliza hivyo akawa na jibu, mheshimu. Wapo wenye jibu.

Na hoja ya talanta ataileta tu, hiyo hawaikosi, Mathayo 25, mtumwa aliyefukia hela ardhini alikemewa kwa hiyo tusiache hela ilale benki. Msomee mpaka mwisho. Bwana anamwambia yule mtumwa kwamba ilikupasa angalau kuiweka kwa watoao riba, yaani hata benki ilikuwa bora kuliko shimo. Na mwenye kununua Bitcoin akaandika maneno yake ya siri ya kuifungulia kwenye kibati cha chuma akakifukia ili asiguse miaka 20, mi naona amefanana zaidi na yule wa shimo kuliko wale wawili waliokwenda kufanya biashara.

Halafu hii habari ya riba yenyewe inafundisha kitu, nipite haraka. Mtaguso, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, wa Nikea 325 ulikataza makasisi kula riba, Laterano wa Tatu mwaka 1179 ukasema walaji riba wanaojulikana wasipewe komunio wala maziko ya Kikristo, na miaka 300 baadaye Wafransisko, wafuasi wa yuleyule Fransisko wa Asizi aliyewakataza ndugu zake hata kugusa hela, ndo wanafungua nyumba za kukopesha maskini kwa riba ndogo pale Perugia mwaka 1462 ili watu wasinyongwe na wakopeshaji wakubwa. Mwaka 1515 mtaguso wa Laterano wa Tano ukazikubali hizo nyumba, na Calvin, kiongozi wa Waprotestanti, mwaka 1545 akaandika barua akisema riba siyo haramu moja kwa moja ila usimtoze maskini na usimtie mwenzio kwenye shida. Unaona kilichotokea? Kwenye chombo, yaani namna hela inavyotumika, Wakristo wamebadilisha mawazo, wamebishana, wamerudi nyuma, na nadhani kwenye hizi hela za kidijitali itakuwa hivyohivyo, kwa hiyo usiogope kwamba kuna aya mahali inaitaja Bitcoin. Lakini hukumu juu ya ghala lililofungwa mbele ya mwenye njaa, hiyo hawakuibadilisha Wakatoliki wala Waprotestanti.

Tuje kwenye mfuko wenu sasa maana ndo swali lenyewe.

Wewe ni mhazini. Mwenzako wa kwanza maarufu katika kazi hiyo ni shemasi Laurenti wa Roma, mwaka 258, enzi za kaisari Valeriano. Masimulizi ya kanisa yanasema aliambiwa alete hazina ya kanisa, akaomba muda, akaigawa, kisha akaleta maskini, vilema na wajane akasema hazina ndo hawa. Ambrosi ndiye anayelisimulia hilo, na alilisimulia akiwa anajitetea mwenyewe, kwa sababu yeye alichukua vyombo vya dhahabu vya kanisa akaviyeyusha ili kuwakomboa mateka baada ya Warumi kupigwa na Wagothi, watu wakamlaumu, akawajibu kwamba kanisa lina dhahabu kwa ajili ya kuitoa kwa wenye shida na siyo ya kuihifadhi. Mimi hilo jibu ningeliandika ukutani kwenye kila ofisi ya mhazini. Hela ya kanisa ina kazi iliyotumwa. Ya kwenu imetumwa jengo.

Na nani ameitoa? Nina hakika humo ndani kuna dola ishirini ishirini za wamama wanaofanya usiku kwenye nyumba za wazee, wanaotoka hapo wanaendesha gari moja kwa moja ibadani. Walipotoa walisema "ya jengo". Hakuna aliyesema "ya kujaribia bei". Sheria ya huko kwenu, kama majimbo mengine mengi ya Marekani, inawataka wanaoshika hela ya taasisi ya hisani waitunze kwa busara na waheshimu kusudi la mtoaji, ila hata bila sheria ni amana.

Piga hesabu mbele yao, hesabu inaongea kuliko mahubiri. Novemba 2021 Bitcoin moja ilikaribia dola 69,000. Novemba 2022 ilikuwa karibu 16,000. Mngeiweka ile 48,000 kileleni, mwaka mmoja baadaye mna kama 11,000. Mzee atasema lakini ilirudi, Desemba 2024 ikavuka 100,000, na ni kweli ilivuka, mwambie ni kweli. Ila fundi wa paa hangoji miaka mitatu, na mwenye kiwanja mnayemlipa awamu hangoji, na kwenye huo mwaka wa 11,000 ni wewe ndo ungesimama mbele ya wale wamama. Benki ile hela ina bima ya serikali mpaka dola 250,000, huko kwingine hakuna. Kama hela italala zaidi ya mwaka kabla ya ujenzi zipo hati za muda mfupi za serikali, zinalipa kidogo na zinafidia angalau sehemu ya huo mfumuko anaoulalamikia. Hoja yake ya Oresme ijibiwe kwa vitu kama hivyo.

Kuna jambo jingine makanisa ya Magharibi yamejifunza kwa aibu kubwa na nataka mlijue. Mwaka 1704 Uingereza ulianzishwa mfuko ulioitwa Queen Anne's Bounty, wa kusaidia mapadri maskini wa Kanisa la Anglikana, nia nzuri kabisa. Waliousimamia wakawekeza sehemu kubwa kwenye South Sea Company, kampuni iliyokuwa inasafirisha watu weusi kuwapeleka utumwani Amerika. Mfuko huo ni moja ya vyanzo vya akiba kubwa ya kanisa hilo hadi leo, na Januari 2023 wasimamizi wakatoa ripoti ya uchunguzi wakakiri, wakatangaza kutenga pauni milioni 100. Miaka 300 baadaye! Hao hawakuwa wezi, walikuwa watu kama nyinyi kwenye kikao, wameambiwa inalipa vizuri, na hakuna aliyeuliza inalipa kwa jasho la nani. Hilo swali liulizwe juu ya kila kitu, benki yenyewe ikiwemo.

Na mnilindie hao waumini kwenye utapeli, nakuomba sana. Sababu inayofanya kanisa liwe mahali pazuri ndo hiyohiyo inayolifanya liwe shamba la matapeli, tunaaminiana. Januari 2024 mamlaka za jimbo la Colorado zilimfungulia mashtaka ya madai mchungaji mmoja wa mtandaoni wa Denver na mkewe, walitengeneza sarafu yao ya kidijitali wakawauzia Wakristo wakisema Mungu ndiye aliyeagiza, zaidi ya watu 300 wakatoa karibu dola milioni 3.2, na kwa mujibu wa mashtaka sarafu yenyewe ilikuwa haina thamani. Mchungaji akatoa video akikubali kwamba dola milioni 1.3 walizichukua wao, na kwamba nyingine zilikarabati nyumba kwa sababu Bwana aliwaambia wakarabati. Nimeiangalia hiyo video nikalia, siyo kwa ajili yake, kwa ajili ya hao 300. Luther alipobandika hoja zake 95 mwaka 1517 alikuwa anapigana na kitu cha ukoo huohuo, mtu anaambiwa toa sarafu upate kilicho cha Mungu, na hoja yake ya 45 inasema mtu anayempita mwenye shida kisha akatumia hela yake kununua hati za msamaha wa dhambi, amejinunulia hasira ya Mungu. Ukisikia madhabahuni "Bwana ameniambia mnunue", toka na pochi yako.

Yule mama wa chapa ya mnyama asichekwe. Ufunuo 13 inasema hakuna anayeweza kununua wala kuuza bila chapa, na huku Marekani Wakristo wameishtukia kila teknolojia ya malipo kwa zamu, mistari myeusi ya kwenye bidhaa ilipoanza kusomwa dukani 1974 walisema ndo hiyo, kadi za benki wakasema ndo hiyo, chipu ndo hiyo. Maandiko yenyewe yanaifunga chapa na kumwabudu mnyama, na wasomaji wa kwanza kule Asia Ndogo waliishi mahali ambapo biashara na ibada ya kaisari vilishikana. Kununua kitu kwenye simu siyo ibada. Ila hofu yake ina mzizi wa kweli, nayo ni nani ana uwezo wa kukufungia hela yako. Februari 2022 Kanada, madereva wa malori walipoziba Ottawa, serikali ilitangaza sheria ya dharura na akaunti za benki za baadhi yao zikafungwa bila amri ya mahakama, michango mingine ilikuwa imepitia GiveSendGo ambao ni mtandao wa Wakristo wa kuchangishana, wengine wakahamia Bitcoin kwa sababu hiyo. Januari 2024 jaji wa mahakama ya shirikisho akasema kutangaza dharura ile hakukuwa na msingi. Uwe upande wa madereva au la, swali limebaki, na Benki Kuu ya Ulaya ikiwa inaandaa yuro ya kidijitali huku Trump Januari 2025 akizuia Marekani kutoa dola ya namna hiyo, Wakristo wana haki ya kuuliza hayo mambo kwa sauti. Kumbe mama na mzee wana hofu moja wasiyoijua kuwa ni moja, mmoja anaikimbia Bitcoin na mwingine anaikimbilia, wote wanamwogopa kaisari. Nyie mngewakalisha pamoja wakasikilizana.

Kuhusu kutoa. Mwaka 2017 mwishoni alijitokeza mtu asiyejulikana mpaka leo, alinunua Bitcoin mapema zikawa mali kubwa, akafungua kitu alichokiita Pineapple Fund akagawa sarafu 5,104, kama dola milioni 55 wakati ule, kwa mashirika kama 60, akafunga akapotea. Dola milioni 5 zilikwenda GiveDirectly, wale wanaowatumia watu maskini hela mkononi bila masharti, na Kenya wanatumia M-Pesa, kwa hiyo yawezekana kuna bibi mahali Siaya ameezeka bati kwa hela hiyo. Sijui imani ya yule mtu. Ila Mathayo 6, mkono wa kushoto usijue ufanyalo wa kulia, sijaona mfano wa siku hizi unaokaribia kama huo, na hiyo ndo nilikuwa naita kufungua mlango wa ghala.

Upande wa pili ni Sam Bankman-Fried, yeye hakuwa anahubiri Kristo lakini hoja yake iliwavuta wengi, kwamba tafuta hela nyingi iwezekanavyo ili utoe nyingi. Novemba 2022 soko lake la hela za kidijitali, FTX, likaanguka, mabilioni ya hela za wateja hayapo, Machi 2024 akahukumiwa miaka 25. Marekani ina historia ndefu ya hii njia ya kukamua mkono mmoja na kutoa kwa mwingine, tajiri wa chuma Andrew Carnegie mwaka 1889 aliandika kwamba tajiri anayekufa na mali yake amekufa na aibu, akajenga maktaba elfu mbili na zaidi, na katikati hapo mwaka 1892 kwenye kiwanda chake cha chuma cha Homestead wafanyakazi waliogoma kutetea ujira wao walipigwa risasi. John Wesley, mwanzilishi wa Wamethodisti, alishaliona hilo mapema. Mahubiri yake ya 1760 watu wanayakumbuka kwa maneno matatu, pata uwezavyo, tunza uwezavyo, toa uwezavyo, ila wanasahau kwamba hilo la kwanza alilizungushia uzio, usipate kwa kuumiza afya yako, usipate kwa kumwumiza jirani, na kamari akaitaja kwa jina. Yeye mwenyewe mwaka wa kwanza alipata pauni 30 akaishi kwa 28, mapato yakafika 60, kisha 90, kisha 120, na bado akaishi kwa 28 nyingine zote akatoa. Huo ndo uwekezaji ninaouelewa.

Kwa hiyo mtu akitaka kulitolea kanisa Bitcoin yake, pokeeni, siyo najisi. Kwa sheria za kodi za Marekani inahesabika kama mali, akiwa ameishika zaidi ya mwaka akaitoa yenyewe bila kuiuza kwanza halipi kodi ya ile faida, ikizidi dola 5,000 na anataka punguzo la kodi inatakiwa mthamini anayetambulika. Nyie mkiipata uzeni siku hiyohiyo, andikeni kiasi, iende kwenye kazi aliyoitaja.

Sasa ya kwako. Nami nilinunua, 2021, kiasi kidogo cha mshahara, sikuwa na nia mbaya. Nilichokiona ni kwamba naamka saa nane usiku kuangalia bei, kabla ya kuomba nashika simu, jamaa yangu ananieleza mwanawe anaumwa na mimi macho yako kwenye ile namba. Haikunipotezea hela nyingi, ilinipotezea hiyo. Bwana aliposema hamwezi kumtumikia Mungu na mali, nilikuwa nafundisha hiyo aya miaka mingi na nilikuwa sijaielewa kwamba mali inaita kwa jina, usiku. Nikauza. Wewe huenda huna shida hiyo, kuna watu wanashika na wanalala vizuri, sikuhukumu. Kama ni hela ambayo hata ikiisha yote ada ya mtoto na kodi ya nyumba vipo, na hujakopa, na umeshaamua tangu leo kwamba ikifika kiasi fulani unauza na sehemu fulani inakwenda kwa fulani mwenye jina na shida inayojulikana, kaa nayo. Zaka yake mimi natoa ushauri wa kutoa unapouza, siyo kila bei ikipanda kwenye kioo, maana hiyo bado huna.

Ila ile ya kutomwambia mtu, hapana. Unakwenda kutoa maoni juu ya kitu ambacho una maslahi nacho. Kabla ya kikao nenda kwa mchungaji umwonyeshe simu, umwambie ninazo kiasi hiki, nilinunua lini, na bado nashauri mfuko usiingie. Kisha kikaoni sema hivyohivyo mbele ya mzee na yule mama, na ukishamaliza ndo uwagawie ile karatasi ya hesabu ya dola 48,000, mstari kwa mstari, nani alichanga mwezi gani.